Usikimbilie "Yaishe": Mwongozo wa Kusuluhisha Ugomvi Dzaleka na Lilongwe

Dzaleka haina uhaba wa wapatanishi. Ukigombana na jirani asubuhi, jua halijakolea utaona wamefika mchungaji, mzee wa kabila lako, kiongozi wa bloku, na mama mmoja ambaye hahusiki lakini habari zote anazo. Mtakalishwa, mtashauriwa, mtapeana mikono, kisha mtaambiwa yaishe. Wiki mbili hazipiti, ugomvi ule ule umerudi na wafuasi wapya.

Mwongozo huu ni wako wewe unayeishi kambini, au unayetafuta riziki Lilongwe, na unayejikuta kila mara katikati ya magomvi ya kazini, ya nyumbani au ya mlangoni, yawe yako mwenyewe au ya watu wanaokuita uwaamue. Shauri langu kubwa ni moja: kabla hujakubali suluhu, uliza ni nani atakayeilipia. Mara nyingi anayelipa ni yule asiye na pa kwenda: mke, mpangaji, mgeni, mfanyakazi asiye na kibali, mtoto. Anaambiwa avumilie kwa kuwa yeye ndiye rahisi kunyamazishwa. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe, na barabarani hilo ni shauri zuri. Kwenye kikao cha usuluhishi ni njia ya uhakika ya kurudi kukaa tena mwezi ujao.

Mazingira nayo yanagombana nawe

Kambi ya Dzaleka iko wilaya ya Dowa, kilomita 40 na kitu kaskazini mwa Lilongwe. Ilifunguliwa mwaka 1994, mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Kamuzu Banda, ili kuwapokea waliokimbia vita na mauaji ya Rwanda, Burundi na Kongo. Ilipangiwa watu 10,000 hadi 12,000. Leo ina zaidi ya 50,000, Wakongo wakiwa wengi kuliko wote, wakifuatiwa na Warundi na Wanyarwanda. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, hapo mwaka 1987, iliweka masharti yake kuhusu kazi, kuhusu mali na kuhusu mkimbizi kuishi anapotaka. Kwa miaka mingi masharti hayo yalilegezwa kimyakimya, watu wakafungua maduka mjini, hadi Machi 2023 serikali ilipoamuru wakimbizi wote warudi Dzaleka. Mei mwaka huo polisi wakaanza kuwakusanya Lilongwe. Maduka yakafungwa, na wapo waliopitia gereza la Maula kabla ya kufikishwa kambini.

Nakumbusha haya kwa sababu sehemu kubwa ya magomvi yetu imetokana nayo: nyumba zilizobanana, pampu chache za maji, mgao wa WFP usiotosha mwezi, kusubiri kusikojulikana mwisho. Jirani anayekuudhi anabanwa na hayo hayo. Hilo halimpi ruhusa ya kukutukana, ila litakusaidia uache kumdai jambo ambalo hana uwezo wa kukupa.

Chambua kinachogombaniwa

Chukua ugomvi wa mjigoni, pale kwenye pampu ya maji. Ndoo zimepangwa tangu alfajiri. Mama mmoja amekwenda kuangalia moto wake, anarudi anakuta ndoo yake imesogezwa nyuma. Anauliza, anajibiwa vibaya, naye anajibu vibaya zaidi, na dakika haijaisha limekwisha kutajwa kabila. Wanaume wanaingia. Kufikia jioni watu wanazungumzia yaliyotokea Uvira na Bujumbura miaka ile ya vita, na ndoo ya lita 20 iliyoanzisha yote imesahauliwa.

Ndani ya ugomvi huo kuna mambo manne yaliyorundikana. Kuna kitu chenyewe, yaani maji. Kuna utaratibu: nani alisema ndoo isiyo na mwenyewe isogezwe? Kuna heshima, kwa sababu mama ametukanwa mbele ya watoto wake. Na kuna historia, ile ambayo kila mmoja alivuka nayo mpaka. Mpatanishi mvivu huliona la kwanza tu. Anagawa maji na kwenda zake. Lakini mtu aliyevunjiwa heshima hatulizwi kwa ndoo ya maji, na mwenye kidonda cha historia hatulizwi kwa orodha ya zamu.

Kwa hiyo unapoitwa, au unapogombana mwenyewe, chukua moja baada ya jingine. Anza na utaratibu, maana ndio rahisi kurekebisha na unawapa watu ushindi mdogo wa pamoja. Kisha heshima: aliyetukana aseme neno alilolitamka na akiri kwamba lilikuwa baya, palepale alipolitamkia, mbele ya wale wale waliolisikia. Tusi la hadharani haliombewi radhi chumbani. Historia iache mlangoni. Kikao cha ndoo hakiwezi kumaliza vita vya Kivu, na anayejaribu atavileta tu ndani ya bloku. Weka sharti hilo mwanzoni kabisa: hapa halitajwi kabila la mtu wala nchi yake, atakayetaja, kikao kinasimama. "Ndoo yangu ilisogezwa" ni kauli inayoweza kujibiwa. "Nyinyi watu ndivyo mlivyo" haina jibu ila ngumi.

Halafu kuna swali ambalo wapatanishi wengi hulisahau: unataka hicho kwa sababu gani? Mmarekani mmoja, Mary Parker Follett, aliyeandika sana kuhusu migogoro ya kazini, alisimulia mwaka 1925 jinsi alivyokuwa katika chumba kidogo cha maktaba ya Harvard na msomaji mwingine. Yule alitaka dirisha lifunguliwe, yeye alitaka lifungwe. Wakafungua dirisha la chumba cha pili ambako hapakuwa na mtu. Mwenzake alichohitaji ni hewa, dirisha lolote lingemfaa. Naye Follett alichokataa ni upepo wa kaskazini kumpiga moja kwa moja. Hakuna aliyepoteza. Mjigoni, mmoja anataka maji kabla watoto hawajakwenda shule, mwingine anataka kuwahi foleni ya zahanati. Ukiishia kuuliza ndoo ya nani ilitangulia utapata mshindi na mshindwa. Ukiuliza sababu, huenda ukagundua kwamba wawili hao hawahitaji maji saa ile ile. Si kila ugomvi una dirisha la pili, nakubali. Lakini wengi tunaamua kabla hatujalitafuta.

Biashara iliyoandikwa jina la mwenzako

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye machungu mengi tangu 2023.

Mkimbizi mwenye mtaji mdogo na akili ya biashara, asiyeweza kupata leseni kwa jina lake, huungana na rafiki Mmalawi. Leseni na mkataba wa chumba vinakuwa vya rafiki, fedha na ujuzi ni vya mkimbizi, faida wanagawana. Kwa miaka kadhaa mambo yanakwenda. Kisha inakuja amri, mmoja anapakiwa kupelekwa Dzaleka, mwingine anabaki na duka, mzigo na wateja wa Kawale au Area 25. Miezi inapita. Fedha zinazotumwa zinapungua, kisha simu inaacha kupokelewa.

Mwenye mtaji anasema ameibiwa. Msikilize na mwenzake kabla hujahukumu: yeye amebaki analipa kodi peke yake, kwacha imeshuka thamani, mzigo wa zamani umeuzwa kwa bei ya zamani na wa kuujaza haununuliki, na huenda maofisa wamekuja kumuuliza maswali kuhusu "yule Mkongo wako". Wizi unaweza kuwepo. Unaweza pia kukuta biashara imekufa na mtu anaona aibu kusema. Mambo haya mawili kwa mbali yanafanana sana, kwa sababu yote yanaanza na simu kutopokelewa.

Cha kufanya: usitume vitisho kwa WhatsApp, na usimpeleke kijana mwenye misuli. Tuma mtu mzima anayeheshimiwa na pande zote mbili, ikiwezekana Mmalawi, aende dukani akasalimie, akae, aone rafu zina nini. Akirudi mtajua kama mnazungumzia deni au wizi. Ikiwa ni deni, kubalini kiasi kidogo kinacholipika kila mwezi kwa Airtel Money au Mpamba, kwa sababu kila malipo yanaacha kumbukumbu kwenye simu, na kumbukumbu hiyo ni shahidi asiyehamia bloku nyingine. Ikiwa ni wizi, pata ushauri wa sheria kabla ya kwenda polisi. Mpango uliokuwa wa kukwepa sheria ya leseni unaweza kukurudia wewe. Hapo ndipo kikao cha wazee wa pande mbili, pamoja na mfumu, yaani chifu, wa eneo la mwenzako, mara nyingi kinafaa kuliko mahakama. Sisemi hivyo kwa kudharau mahakama. Nasema kwa kuwa mahakama itauliza leseni ilikuwa ya nani, mfumu atauliza fedha zilikuwa za nani.

Na wewe unayetaka kuanza biashara ya namna hiyo kesho: andikeni. Karatasi moja, tarehe, kiasi cha kila mmoja, faida inagawanywaje, na kipengele ambacho hakuna anayependa kukiandika, kwamba ikitokea mmoja hawezi tena kufika dukani, mzigo utahesabiwa na nani na ndani ya siku ngapi. Shahidi mmoja wa kila upande. Anayekwambia "kwani huniamini?" mjibu kwa upole kwamba unamwamini, ndiyo maana unaandika naye, usiyemwamini huwezi hata kukaa naye mezani.

Kazini kwa mtu

Magomvi ya kazi Lilongwe mengi huanzia kwenye namna ya kusema. Hii si kanuni ya watu wote, lakini mara nyingi sisi tuliotoka Kongo tunaingia na jambo letu mikononi na sauti juu, na kwetu hiyo ni bidii tu. Mwenzako Mmalawi anaisikia kama shari. Kwake mazungumzo huanza na salamu iliyokamilika: muli bwanji (hujambo), ndili bwino (sijambo), kaya inu (je, wewe), habari za nyumbani, ndipo jambo. Naye akikasirika huenda asiseme kitu kabisa. Atatabasamu, atajibu "palibe vuto", hakuna tabu, na kesho hutapangiwa zamu. Ukiishi na watu hawa jifunze kusoma ukimya wao. Ukiona mtu aliyekuwa anakuita "achimwene", yaani kaka, ameanza kukuita kwa jina, nenda ukamwone faraghani, leo.

Kambini kuna ugomvi mwingine wa kazi, wa wale wanaofanya kazi na mashirika kwa kujitolea na kulipwa posho, bega kwa bega na mwajiriwa wa mshahara anayefanya kazi ile ile. Hasira yao ni halali. Tatizo ni kwamba msimamizi anayekasirikiwa hakuweka utaratibu huo na hawezi kuuondoa. Ukimdai mshahara sawa atajitetea, kisha atakuogopa, kisha atakuepuka. Mdai kilicho mikononi mwake: saa zinazolingana na posho, barua inayotaja kazi uliyofanya na tarehe zake, nafasi kwenye mafunzo, jina lako kwenye ripoti uliyoiandika wewe. Hayo anaweza kukupa, na barua hiyo itakusaidia hata siku utakapokuwa nchi nyingine. Suala la posho lenyewe lipelekeni mkiwa wengi na kwa maandishi, kwa ofisi inayoamua.

Mwajiri asipolipa, usiache kazi kwa hasira siku hiyo hiyo. Andika kwanza: siku ulizofanya, kiasi mlichokubaliana, nani alikuwepo. Hifadhi ujumbe wote. Na akikufukuza, Sheria ya Ajira ya Malawi ya mwaka 2000 inamtaka mwajiri awe na sababu halali ya kumfukuza mtu na ampe nafasi ya kujieleza kabla. Aliyefukuzwa isivyo haki ana miezi mitatu ya kulalamika kwa afisa wa kazi wa wilaya, ambaye kazi yake ni kujaribu kuwapatanisha kabla ya jambo kufika mahakama inayoshughulikia migogoro ya kazi. Miezi mitatu hupita haraka kwa mtu anayezungushwa na "njoo wiki ijayo". Kwa mkimbizi asiye na kibali jambo lina mtego, na waajiri wabaya wanaujua: wanategemea kwamba utaogopa kwenda ofisini. Usiende peke yako wala usinyamaze. Pata kwanza shauri la Legal Aid Bureau, ofisi ya serikali inayotoa msaada wa sheria kwa wasio na uwezo, au la mashirika yanayowasaidia wakimbizi kisheria pale Dzaleka. Mara nyingine barua moja ya adabu kutoka kwa mtu anayejua sheria inatosha kumfanya mwajiri akumbuke deni lake.

Ndani ya nyumba

Baadhi ya watu wetu wameoa au kuolewa na Wachewa, na hapo kuna ugomvi unaochukua miaka kabla haujajitokeza. Mwanamume wa Kongo au Burundi ametoa alichotoa, ameleta mke nyumbani, na moyoni mwake mambo yamekwisha: mke amekuja kwake, watoto ni wake. Kwa Wachewa, ukoo hufuata mama. Kwa desturi yao ya chikamwini mume ndiye huhamia kijijini kwa mke. Mume anayetaka kumchukua mke akaishi kwake huomba ruhusa, na hiyo ni chitengwa. Watoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ana kauli juu yao. Ndoa yenyewe husimama juu ya nkhoswe, wasemaji wa ndoa, mmoja kutoka kila upande, na katika sherehe yake ya chinkhoswe ndugu wa pande mbili hubadilishana kuku. Mahari kubwa ni mambo ya kaskazini kwa Watumbuka na Wangoni.

Sasa fikiria mume aliyeoa bila nkhoswe kwa sababu ndugu zake wako Kalemie, kule Kongo, au wamekufa. Siku ugomvi unapotokea, mke ana mjomba wa kumsemea na mume hana mtu. Anaona ameonewa na ukoo mzima. Nao wanaona mtu aliyeingia kwao kama mwizi, bila msemaji. Dawa iko mapema: kabla ya ndoa tafuta mzee mmoja wa kwenu kambini akusimamie kama nkhoswe, mpeleke rasmi, na yazungumzwe mbele yao mahali pa kuishi na kauli juu ya watoto. Kama umekwisha kuoa bila hayo, bado hujachelewa. Wachewa wanamheshimu sana mkwe anayerudi nyuma kurekebisha.

Ugomvi wa pili ni wa kesi. Wa Dzaleka watanielewa: faili la kuhamishiwa nchi ya tatu. Nani ameandikwa, nani ameachwa, nani alioa ili aingizwe, nani alificha mtoto. Januari 2025 Marekani iliposimamisha kupokea wakimbizi, ziko nyumba zilizokuwa zimekwisha kuuza vyombo zikisubiri ndege, na hasira ikakosa pa kwenda ila chumbani. Mume anamlaumu mke aliyechelewesha karatasi. Mke anamlaumu mume aliyeuza cherehani. Ikiwa hiyo ni nyumba yako, kaeni chini mkiri kwanza kwamba aliyewaumiza hayupo chumbani humo. Kisha muongee kuhusu cherehani: itarudi lini, kwa fedha gani. Watu wawili wanaopanga kununua cherehani wana jambo la kufanya kesho asubuhi, na mara nyingi hilo linatosha kuwafikisha jioni.

Mtafiti wa ndoa John Gottman, aliyewachunguza wanandoa kwa miongo kadhaa huko Marekani, alikadiria kwamba asilimia 69 ya magomvi yao hayaishi kabisa. Yanatokana na tabia na malezi, na wanaodumu ni wale waliojifunza kuyazungumza bila kudharauliana. Dharau ndiyo aliyoiona kuwa dalili mbaya kuliko zote: kukejeli, kubinua mdomo, kumcheka mwenzako mbele ya watu. Naongeza la kwetu: kumsema kwa lugha ambayo yeye haijui, huku ndugu zako wakicheka. Fanya hivyo mara chache tu, na hata jambo dogo la chumvi litakuwa la kutoelewana milele.

Ukikaa kuwa mpatanishi

Watu wa Dzaleka wamekuja na hazina ya vikao. Warundi wanao bashingantahe, wazee wanaotawazwa kwa kiapo. Rwanda ina abunzi, wasuluhishi wanaochaguliwa na wakazi. Kivu Kaskazini ilikuwa na barza ya makabila, iliyowakutanisha wazee wa pande zilizokuwa zikiuana. Wenyeji wetu wana bwalo, baraza la mfumu. Vyote hivyo vina kitu kimoja ambacho vikao vyetu vya haraka vimekipoteza: haamui mtu mmoja, na maneno husemwa mbele ya watu. Usikubali kuamua ugomvi peke yako, hata ukiitwa kwa heshima kubwa. Kaa na mwenzako wa upande wa pili, na kama mgomvi mmoja ni mwanamke, mmoja wenu awe mwanamke.

Zungumza na kila upande peke yake kabla ya kuwakutanisha. Hapo ndipo utasikia lile ambalo hawezi kulisema mbele ya mwenzake, na ndipo utajua kama anaogopa. Anayeogopa hawezi kupatana. Anaweza kukubali tu.

Lugha. Kambini tuna tabia ya kumwita mtoto wa shule atafsiri Kichewa kati ya wakubwa, kwa kuwa yeye anakijua. Acha mara moja. Mtoto hawezi kutafsiri tusi alilotukanwa mama yake, na hata akiweza asibebeshwe. Tafuta mtu mzima asiye ndugu wa upande wowote, mweleze kwamba kazi yake ni kusema kilichosemwa, bila kukisafisha wala kukitia pilipili.

Mkifikia mwafaka, andika mambo yasiyozidi matatu, kila moja lenye jina na tarehe: nani atafanya nini, lini. "Tutaishi kwa upendo" haliandikwi, kwa sababu hakuna atakayeweza kusema siku gani lilivunjwa. Kisha pangeni siku ya kurudi kuangalia, mwezi mmoja baadaye. Wapatanishi wengi hawarudi, na hapo ndipo yule dhaifu anapobaki na mzigo wake bila shahidi. Siku hiyo ya kurudi uliza lile swali la kwanza: amani hii inalipiwa na nani? Ukikuta anayelipa ni mmoja, fungueni upya.

Kwa ugomvi kati yetu na vijiji vinavyotuzunguka, kikao kimoja hakitoshi kamwe. Unahitaji watu kujuana kabla hawajagombana. Tamasha la Tumaini, lililoanzishwa mwaka 2014 na mshairi Menes la Plume, lilifanya jambo la busara kuliko semina nyingi: liliwaleta Wamalawi na wageni kambini wasikilize muziki, na wengine wakalala kwenye nyumba za wakimbizi. Aliyekula ugali wako mezani kwako ni vigumu kumwambia uongo juu yako.

Yasiyopatanishwa

Kuna mambo ambayo hupaswi kuyakalia kikao hata ukibembelezwa na ukoo mzima. Mke au mume anayepigwa. Mtoto aliyeguswa vibaya. Msichana wa chini ya miaka 18 anayeozwa, jambo ambalo sheria ya Malawi imelikataza. Ubakaji, hata kama mbakaji ni mchumba, mchungaji au mwenye nyumba, na hata kama ndugu wameleta fedha na kuomba yaishe. Hapo mpatanishi anageuka kuwa msaidizi wa mkosaji.

Kazi yako hapo ni kumsindikiza aliyeumizwa. Polisi wa Malawi wana kitengo cha kuwasaidia waathirika, Victim Support Unit. Mahali pa kuanzia ni polisi wa kambini Dzaleka, na kwa aliye Lilongwe, Hospitali Kuu ya Kamuzu ina kituo kinachomhudumia mwathirika kwa matibabu na sheria chini ya paa moja. Kambini, ofisi za ulinzi za UNHCR na mashirika washirika zinapokea malalamiko haya kwa siri. Kwa aliyebakwa, nguo zisifuliwe, mwili usioshwe kabla ya daktari kuona. Na usisubiri kesho: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinafaa zikianzwa ndani ya saa 72, na wazee wakikaa siku tatu kujadili fidia, saa hizo zimekwisha.